Uso wa Mtu Sokoni: Ni Amana au Ngawira?

Katika darasa yetu ya baada ya Maghribi lilizuka suala ambalo mwanzo tulilidhania kuwa dogo, na kila tulipolichimba lilizidi kina. Kijana mmoja miongoni mwetu, mwenye kupenda sana kupiga picha, aliuliza hivi: Mtu akisimama katika soko la wazi, mahali ambapo kila mwenye macho ana ruhusa ya kutazama, akaipiga picha sura ya mtu asiyemjua bila ya kumwambia, je, amefanya kosa? Na kama ni kosa, amemnyang'anya nini, maadamu yule mtu amebaki na uso wake kama alivyokuwa?

Hakuuliza kwa kupenda mjadala. Lilikuwa limemfika jambo.

Siku moja asubuhi alikuwa akipita kando ya Marikiti, hapa Mombasa, akamwona mama mmoja mtu mzima ameketi juu ya gunia, mbele yake mafungu ya ndimu na mbirimbi. Jua lilikuwa limepenya baina ya mapaa mawili likamwangukia usoni. Buibui limemteleza hadi mabegani, na mkono mmoja kashika tama. Kijana wetu akainua simu yake, akapiga picha, akenda zake. Jioni aliwapelekea rafiki zake picha ile, nao wakawapelekea wengine, na huko njiani mtu asiyejulikana akaiandikia maneno chini yake: "Huzuni ya mama masikini wa pwani." Siku chache baadaye picha ilifika Maskati, ikaangukia mkononi mwa mtu ambaye yule mama ndiye aliyemzaa.

Mwana hakuwa na khabari kuwa mamake auza sokoni. Kila walipozungumza, mama alimwambia kuwa hakupungukiwa na kitu, kwani alijua kuwa mwanawe huko alikuwa amekosa kazi kwa miezi kadhaa, na hakutaka kumwongezea mzigo. Hiyo ndiyo sitara aliyoishona kwa mikono yake mwenyewe, na picha moja ikaipasua. Mwana alipiga simu akilia. Majirani wakajua. Mama akaacha kwenda sokoni kwa muda wa wiki tatu, na katika wiki hizo alikula nini, hakuna aliyeuliza. Ama huko kushika tama, ambako watu wengi walikuonea huzuni, hakukuwa huzuni hata kidogo: alikuwa akimngojea mtoto aliyemtuma kumtafutia chenji.

Kijana wetu alipokwisha kusimulia, mzee mmoja katika darasa alimuuliza neno moja tu: "Ulinunua ndimu, mwanangu?" Akajibu: "La, sikununua." Mzee akanyamaza, nasi tukanyamaza. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafikiri baada ya kimya kile.

Kwanza yatupasa kueleza kuwa hatukusudii kuufungua tena mlango wa hukumu ya taswira. Wanavyuoni wameuzungumza sana. Sheikh Muhammad Bakhit al-Mutii, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala nzima ya kuhalalisha picha ya kamera, na wako wengine ambao hawakukubaliana naye. Mwenye kuamini kuwa picha yote ni haramu, suala letu kwake limekwisha kabla ya kuanza. Sisi twasema na walio wengi, ambao paspoti zao zina picha na nyumba zao zina picha. Kwa hawa twauliza: Kitu kikiwa ni halali kwa asili yake, je, ni halali kwa kila njia ya kukipata? Samaki ni halali, lakini samaki wa wizi si halali, ijapokuwa mchuzi wake una ladha ile ile.

Hoja kubwa ya wale wanaoona kuwa hapana kosa ni hii: soko ni la watu wote. Atokaye nyumbani mwake akenda sokoni amekubali kuonekana. Hapana mlango, kwa hivyo hapana hodi. Maneno haya yana ukweli ndani yake, na insafu yatulazimu kuukiri. Walakini tulipoitazama Suratu Nnur tuliona mpango ambao wengi wetu twausoma bila ya kuuzingatia. Sura hiyo yatufundisha kwanza adabu ya kuomba idhini tuingiapo katika nyumba za watu. Kisha yatupa ruhusa ya kuingia bila ya idhini katika majumba yasiyokaliwa na watu ambamo tuna haja zetu, na baadhi ya wafasiri wamesema kuwa makusudio yake ni mfano wa maduka ya masokoni. Na mara tu baada ya ruhusa hiyo, katika aya inayofuata, yaja amri ya kuinamisha macho. Sisi katika mpangilio huu twajifunza jambo: mahali palipoondolewa mlango wa mbao, umewekwa mlango mwingine, nao umewekwa katika jicho la mtazamaji. Soko halina hodi, lakini macho yana adabu yake hata sokoni.

Tena, kutazamana kwa sokoni ni jambo la pande mbili. Anayetutazama, nasi twamtazama. Tukiona jicho lake limezidi, twageuza uso, au mwanamke huvuta buibui lake, au mtu humwambia, "Bwana, wataka nini?" Naye akishapita, alichokiona chapita naye na kesho kimefifia. Picha haina mambo haya. Aliyemo ndani ya picha hawezi kugeuza uso. Hawajui wanaomtazama, wala hajui ni wangapi, wala hasikii wayasemayo juu yake. Yule mama alikubali kuonekana na watu waliokuwako Marikiti asubuhi ile; hakukubali kuonekana na kila mtu, kila mahali, kwa muda usio na mwisho. Ruhusa ya jambo dogo haiwi ruhusa ya jambo kubwa. Aliyekukaribisha barazani kwake hakukukaribisha chumbani.

Mtu atasema: Basi hodi ya picha ni uzushi wenu wa leo. Sivyo. Tukirudi nyuma miaka mia na kitu tutaona kuwa hodi hiyo ilikuwamo ndani ya chombo chenyewe. Huko Ufaransa palikuwa na tajiri mwenye benki, jina lake Albert Kahn, aliyeamini kuwa mataifa yakijuana hayatapigana. Tangu mwaka 1909 hadi 1931 alituma wapiga picha katika nchi zipatazo hamsini, na miongoni mwake Moroko, Uchina na Mongolia, wakamletea picha za rangi zipatazo 72,000 za watu, majumba, masoko na viwanja vya miji. Rangi zile zilipatikana kwa njia ya ndugu wawili wa ukoo wa Lumière, iliyoanza kuuzwa mwaka 1907: kioo hupakwa chembe za wanga wa viazi zilizotiwa rangi, na mwanga hupita katika chembe hizo. Lakini kioo kile kilikuwa kizito wa kupokea mwanga. Mtu akitikisika, hutoka kama moshi. Kwa hivyo mpiga picha alilazimika kusimamisha kamera juu ya miguu mitatu mbele ya watu wote, na aliyetaka kumpiga picha ilibidi atulie. Picha ya uso ulio wazi haikuwezekana kuibwa. Chombo kilimlazimisha bwana wake kupiga hodi.

Hatusemi kuwa zama zile zilikuwa ni za uadilifu. Moroko iliingia chini ya himaya ya Ufaransa mwaka 1912, na mtu anayeombwa na mgeni ambaye askari wa taifa lake wamo mjini hana wepesi wa kusema la. Lakini hata hivyo muuzaji alijua kuwa yuapigwa picha, na alipata nafasi ya kuweka sawa kilemba chake. Leo simu yapiga picha kwa muda mdogo kuliko kupepesa jicho, wala haitoi sauti. Hodi iliyokuwa ikilazimishwa na chombo sasa haina pa kukaa ila katika dhamiri ya mtu.

Na dhamiri ikikosekana, sheria haitoshi mahali pake. Baina ya mwaka 1999 na 2001 mpiga picha wa Kimarekani, Philip-Lorca diCorcia, alitega taa zake katika uwanja wa Times Square mjini New York, akawa anawapiga picha wapita njia kutoka mbali bila ya wao kujua. Mmoja wao alikuwa mzee wa Kiyahudi mshika dini, ambaye katika itikadi yake kutumiwa sura yake hivyo ni kuvunja amri ya Mungu. Picha yake ilitundikwa katika maonyesho na kuchapwa kitabuni, na nakala zake kumi ziliuzwa kwa bei ya baina ya dola 20,000 na 30,000 kila moja. Mzee alipojua, alishitaki. Mwaka 2006 mahakama iliitupa kesi yake, kwa kuwa sheria ya huko yaihesabu picha ya namna hiyo kuwa ni sanaa, na sanaa ina uhuru wake.

Hatuna ugomvi na hakimu, kwani alihukumu kwa sheria aliyopewa, na sheria ikimkataza kila mpiga picha njiani, wenye nguvu nao watajificha nyuma yake ili maovu yao yasionekane. Lakini sheria hueleza jambo ambalo mtu akilifanya hataadhibiwa. Haielezi jambo ambalo lampasa mtu mwema. Mwenye kula na kushiba mbele ya jirani mwenye njaa hapelekwi kortini. Je, kwa hivyo ametenda wema? Sura ya mzee yule iliuzwa kwa maelfu, naye ndiye mwenye sura, asipate hata kuulizwa.

Hapa kwetu sheria imekwenda mbali zaidi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemhifadhia kila mtu faragha yake, na mwaka 2019 ilitungwa sheria ya kulinda data za watu, na picha ya mtu ni katika data zake. Mwaka 2023 afisi inayosimamia sheria hiyo ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutangaza picha za watoto bila ya ridhaa ya wazazi wao. Ni jambo jema. Lakini muuza ndimu wa Marikiti hatakwenda katika afisi yoyote. Hajui njia yake, wala hana siku ya kupoteza. Ulinzi wake ni adabu ya yule aliyesimama mbele yake na simu mkononi.

Sasa na tuwatazame watu ambao kazi yao ni kutazamwa, kwani hukumu yao si moja na ya muuza ndimu. Katika mji wa Marrakech, nchini Moroko, uko uwanja mashuhuri uitwao Jamaa el-Fna. Hukusanyika hapo wasimulizi wa hadithi, wapiga ngoma, wacheza na nyoka na wauza maji wenye nguo nyekundu na vikombe vya shaba. Watu huwazunguka kwa duara, na mwisho hutoa sarafu. UNESCO iliutangaza uwanja huo mwaka 2001 kuwa ni katika kazi bora za urithi wa wanadamu, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi huo. Mgeni akielekeza kamera kwa mcheza na nyoka, papo hapo hudaiwa fedha. Wageni wengi hukasirika, wakarudi makwao wakasema kuwa watu wa Marrakech wana tamaa.

Twaona kuwa hasira hiyo haina haki. Msimulizi wa hadithi hauzi ndimu. Anachouza ni kule kusikizwa na kutazamwa. Aliyesimama katika duara akafurahi, kisha akaondoka bila ya kutoa kitu, ni kama aliyeonja katika kila chungu akasema hakununua chakula. Na mwenye kuondoka na picha amechukua zaidi, kwani atawaonyesha wengine hadithi ile bila ya mwenyewe kupata pesa. Kwa hivyo anayeuza tazamo, alipwe tazamo lake.

Lakini kulipa nako si dawa ya kila mahali. Yule muuza maji, ambaye zamani watu walimwendea kwa kiu, leo aghlabu huendewa kwa picha. Tukisema kuwa kila mwenye kutoa pesa ana ruhusa ya kuichukua sura ya masikini, tutakuwa tumeutia uso wa mtu katika mafungu ya bidhaa, na mwenye njaa siku zote ataridhia bei. Ridhaa ya mtu mwenye dhiki yataka kutazamwa mara mbili. Mama wa Marikiti hakuutandaza uso wake juu ya gunia. Alitandaza ndimu. Aliyetaka kutoa heshima yake kwake angenunua ndimu kwanza, na baada ya hapo maneno yangefuata yenyewe.

Na maneno ndiyo hasa yenye kukosekana. Picha ikichukuliwa bila ya neno, aliyechukuliwa hubaki na wasiwasi: huyu ataka nini kwangu? Mwezi wa Aprili mwaka 2000, katika kijiji cha Todos Santos Cuchumatán, milimani huko Guatemala, palikuwa na uvumi kuwa wageni wanakuja kuiba watoto. Siku ya soko likafika basi la watalii wa Kijapani, wakawa wanapiga picha kinamama na watoto wao. Hofu ikawashika watu, ghasia ikazuka, na mtalii mmoja pamoja na dereva wa basi, aliyekuwa Mguatemala, wakauawa. Twasema waziwazi kuwa hiyo ilikuwa dhulma kubwa: hapana picha iliyo sawa na damu ya mtu, na uvumi hauhalalishi nafsi. Walakini mwenye akili hupata mazingatio. Kamera inayomwelekea mtu bila ya salamu haina maana ila ile itakayopewa na hofu yake. Twataja msiba huu kwa sababu moja tu: mtu aliyezoea kuchukuliwa asiulizwe, siku moja hataona tofauti baina ya mgeni mwema na mwizi.

Baada ya kusema haya yote, huenda mtu akadhani kuwa twataka watu wasipige picha kabisa katika masoko. Hapana. Hilo litakuwa kosa jingine, na huenda likawa kubwa zaidi. Mwishoni mwa Septemba mwaka 2012, katika vita vya Shamu, soko la kale la Aleppo, mji ambao Waarabu huuita Halab, liliungua. Lilikuwa ni mojawapo ya masoko makubwa kabisa duniani yaliyoezekwa juu, safu za maduka zilizorithiwa baba kwa mwana kwa karne nyingi. Tangu mwaka 2013 Jumba la Makumbusho ya Sanaa ya Kiislamu mjini Berlin limekuwa likikusanya picha za zamani za Shamu, nyingine za wataalamu na nyingine za wasafiri wa kawaida, ili ijulikane kila kitu kilikuwa wapi na kilikuwaje. Lau wasafiri wale wangaliona kuwa kupiga picha sokoni ni kosa, leo wana wa Halab wangalikuwa na majivu tu bila ya ushahidi.

Na sisi wenyewe twala matunda ya picha hizo. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 mastudio ya Wagoa huko Unguja, kama ya A. C. Gomes na ya ndugu Coutinho, yalipiga na kuuza picha na kadi za posta za mitaa, masoko na watu wa pwani yetu. Leo tukitaka kujua mabibi zetu walivaa vipi na barabara zilikuwaje, twazirudia kadi hizo. Lakini ndugu msomaji, ukiipata moja, soma maneno yaliyopigwa chapa chini yake. Jengo lina jina lake. Mtaa una jina lake. Mtu aliyesimama mbele ya jengo aghlabu hana jina: ni "mwanamke wa Kiswahili", au "muuza matunda", au "mchukuzi". Alikuwa mama wa mtu, na huenda ni bibi wa mmoja wetu, nasi hatuna njia ya kumjua. Picha imemhifadhi, na papo hapo imempoteza.

Hapa ndipo tulipopata jawabu ya suala letu. Uso wa mtu katika picha si mali ya mpiga picha kama ngawira ya vitani, kwamba aliyetangulia kuishika ndiye mwenyewe. Wala si kitu kisichogusika kabisa. Ni amana. Na amana ina mambo yake: hupokewa kwa mkono wa mwenyewe, huhifadhiwa isiharibike, haitumiwi kwa jambo ambalo mwenyewe hakuliridhia, na hurudishwa.

Watu wengine hujitetea kwa kusema, "Mimi sikuongeza kitu. Picha ni ya kweli. Alikuwa ameketi hivyo hivyo." Hawa wamesahau jambo tunalofundishwa tangu chuoni: kuwa ghiba ni kumtaja mwenzio kwa lile asilolipenda, na ukweli wa jambo hilo hauondoi dhambi, kwani lingekuwa la uwongo lingeitwa uzushi. Ikiwa ulimi haupewi udhuru kwa sababu tu umesema kweli, kamera itapewaje? Tena kamera haisemi kweli yote. Ilimwona mama kashika tama. Haikumwona mtoto aliyetumwa chenji.

Na wengine watasema: Mbona picha ile ilileta kheri? Si mwana alijua hali ya mamake? Twajibu: Kheri yaweza kutoka katika jambo lisilo la haki kwa rehema za Mwenyezi Mungu, lakini aliyelitenda hawezi kujisifu nayo. Siri ile ilikuwa ni ya mama. Yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kuifunua, kwa siku aitakayo na kwa maneno ayatakayo.

Twawakumbusha ndugu zetu jambo jingine. Kwa miaka mingi tumewalaumu watalii kuwa wanatupiga picha kama wanyama wa mbugani, na lawama hiyo ilikuwa na haki. Leo simu imo mfukoni mwa kila mmoja wetu, na yule aliyempiga picha mama wa Marikiti hakushuka katika meli. Ni mwana wa mji, asali msikiti mmoja na majirani zake. Lile tulilolikataa kwa mgeni, twalifanyiana wenyewe kwa wenyewe, na hata katika kutoa sadaka: masikini apewa unga wa kilo mbili, na kwa unga huo anunuliwa uso wake, usambazwe ili mtoaji asifiwe.

Basi twanasihi haya. Kwanza, uingiapo sokoni uwe mtu wa soko kabla ya kuwa mpiga picha: toa salamu, uliza bei, nunua. Pili, piga hodi kwa ulimi, au kwa ishara ikiwa lugha ni ngeni kwako, na neno la la lipokee kwa uso mkunjufu. Hatusemi kuwa kila aliyemo katika umati wa soko zima aulizwe, kwani picha ya soko ni ya soko. Twasema juu ya picha ambayo mtu mmoja ndiye makusudio yake. Tatu, usimpige mtu katika hali ambayo wewe usingependa mamako aonekane nayo. Nne, uliza jina lake, na akikuruhusu, liandike, na usimwekee mtu mwingine nafasi ya kumwandikia huzuni ambayo hakuwa nayo. Tano, mrudishie picha yake, kwani yeye ndiye mwenye haki ya kwanza ya kuiona.

Imebaki khabari ya mwisho. Kijana wetu alikwenda nyumbani kwa yule mama kumtaka radhi. Akamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa, "Marahaba, mwanangu." Akaeleza yote, wala hakujitetea. Mama akasema alikuwa hajapata kuiona picha yenyewe, akaomba aonyeshwe. Akaishika simu kwa mikono miwili, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema: "Ungaliniambia, mwanangu, ningalivuta buibui langu, nikaketi vizuri."

Hakusema kuwa asingekubali. Kijana alitwambia kuwa maneno hayo yalimuuma zaidi kuliko lau angalimfukuza. Sasa mama amerudi mahali pake kando ya Marikiti, na ndimu zake ni nzuri.

Wabillahi tawfiki.